Bibi anarudi mikononi mwa nani? Kumpa ruhusa mgonjwa mzee aliyeteswa nyumbani

Swali: "Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa. Nina bibi wa miaka 78 aliyevunjika mkono wa kushoto. Mwanawe, ambaye wanaishi pamoja, anasema aliteleza bafuni. Bibi ana michubuko mikubwa mgongoni na mwingine shavuni. Nikimuuliza jambo, mwanawe ndiye anayejibu. Juzi usiku nikimbadilishia shuka alinishika mkono akaniambia: 'Usimseme, mwanangu, maana nitarudi naye hukohuko.' Daktari amepanga kumpa ruhusa keshokutwa. Mwenzangu mmoja ananiambia hayo ni mambo ya familia, nisijiingize. Nifanye nini?"

Jibu:

Dada, umefanya vema kuuliza kabla ya keshokutwa. Mimi ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa hiyo inayokusumbua sasa: mgonjwa amepona kiasi cha kuondoka, lakini ninakompeleka ndiko alikoumizwa.

Nianze na la haraka. Leo hii, kabla zamu yako haijaisha, mweleze daktari maneno ya bibi kama alivyoyasema, bila kuyapunguza wala kuyaongeza. Omba ruhusa isitolewe mpaka mtu azungumze naye akiwa peke yake na ijulikane anakwenda wapi na kwa nani. Hilo ni ombi la kitabibu kabisa. Mfupa ulioungwa vizuri hauna maana kama mkono wenyewe utapindwa tena wiki ijayo. Na jambo la pili la leo: usimhoji mwanawe, usimtupie maneno ya mafumbo, usimwonyeshe kwamba umeshuku. Atakayelipia maswali yako ni bibi, na atayalipia mahali ambapo wewe haupo.

Kuhusu mwenzako anayesema ni mambo ya familia: mwambie kwa upole kwamba ukatili mwingi dhidi ya wazee ni mambo ya familia, na ndiyo maana unaua kimyakimya. Azimio la Toronto la mwaka 2002 linaueleza kuwa ni tendo, la mara moja au la kurudiarudia, au kutotenda linalopasa kutendwa, ndani ya uhusiano wenye kuaminiana, likamletea mzee madhara au dhiki. Tia mkazo kwenye kuaminiana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 mwenye miaka 60 au zaidi amepatwa na aina fulani ya ukatili huo katika mwaka mmoja, nje ya nyumba za kulelea wazee. Huko Marekani watafiti waliwafuatilia wazee kwa miaka 13 wakachapisha matokeo mwaka 1998: kati ya wale walioripotiwa kuteswa, waliokuwa bado hai mwishoni ni asilimia 9, kati ya wale ambao hawakuwahi kuripotiwa, ni asilimia 40. Wengi hawakufa kwa kipigo. Mateso yanamla mzee taratibu, na cheti cha kifo kinaandikwa moyo au mapafu.

Sasa mkono wenyewe. Tazama picha ya eksirei pamoja na daktari. Mzee anayeanguka mbele hutanguliza viganja, na mara nyingi huvunjika kigasha karibu kabisa na kiganja. Anayeinua mkono kujikinga na kitu kinachomjia usoni huvunjika katikati ya kigasha, kwenye mfupa wa upande wa kidole cha mwisho. Hiyo peke yake haithibitishi lolote, kwa sababu mtu anaweza kuangukia ukingo wa ngazi akavunjika hapohapo. Lakini ukiiweka pamoja na michubuko uliyoitaja, picha inabadilika. Watafiti wa California waliwahi kuwakagua wazee kila siku kwa wiki kadhaa ili kujua michubuko ya kawaida ya uzeeni inakaaje, na mwaka 2005 wakaripoti kwamba karibu 9 kati ya kila 10 ilikuwa mikononi na miguuni. Miaka 4 baadaye wakawatazama wazee walioteswa: michubuko yao ilikuwa mikubwa, mara nyingi yenye upana wa sentimita 5 au zaidi, na ilipatikana zaidi usoni, mgongoni na upande wa nje wa mkono wa kulia. Kuna jambo jingine lililojitokeza ambalo wauguzi wengi hawalijui. Mzee mwenye mchubuko wa kawaida kwa kawaida hakumbuki aliupataje. Walioteswa walikumbuka.

Ila usije ukaandika kwenye faili kwamba "mchubuko una siku 5" kwa sababu umegeuka manjano. Watafiti haohao waliona manjano ndani ya siku ya kwanza. Rangi haihesabu siku. Andika mahali, upana kwa sentimita, umbo na rangi, basi. Chora kwenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma. Kama hospitali yenu inaruhusu picha na bibi ameridhia, pigeni, na muweke rula kando ya jeraha. Maneno yake yaandike ndani ya alama za kunukuu, na saa, na alikuwa anafanya nini alipoyasema. "Mgonjwa alinishika mkono nikibadilisha shuka, akasema..." Sentensi ya namna hiyo ina nguvu kuliko kurasa 3 za dhana zako. Na usiandike "mgonjwa anadai". Andika "mgonjwa amesema".

Halafu mpate peke yake. Hilo halihitaji ugomvi na mtu. Mgonjwa anakwenda eksirei, anakwenda kuoga, anabadilishwa bandeji, na ndugu husubiri nje. Tumieni moja ya nafasi hizo. Mpe miwani yake. Kama ana kifaa cha kusikia, hakikisha kiko sikioni na betri haijaisha; nimewahi kukaa dakika 20 na mzee anayeitikia "ndiyo" kwa kila swali, kumbe hasikii neno. Kama mnatofautiana lugha, mkalimani asiwe ndugu, hata mjukuu mpole. Kaa chini, macho yenu yalingane. Usianze na kipigo. Mwambie kwamba wagonjwa wote wa umri wake mnawauliza maswali haya kabla ya kutoka, kisha fanya iwe kweli kwa kuwauliza wote.

Kuna dodoso fupi lililotungwa Montreal, Kanada, likachapishwa mwaka 2008, lenye maswali 6: 5 ya kumuuliza mzee kuhusu miezi 12 iliyopita, na la 6 la daktari kujijibu mwenyewe kwa alichokiona. Lilitungiwa wazee ambao akili zao bado ziko sawa. Huhitaji kulikariri, lakini mkondo wake ni mzuri kwa mazungumzo: Nani anakusaidia kuoga, kupika, kushughulikia fedha? Kuna mtu amewahi kukunyima chakula, dawa, miwani, au kukuzuia kuonana na watu unaowataka? Kuna mtu anazungumza nawe kwa namna ya kukuaibisha au kukutisha? Umewahi kulazimishwa kutia sahihi au kutoa fedha? Kuna mtu anakutia hofu, amekugusa usivyotaka, au amekuumiza? Angalia jinsi maswali yanavyoteremka polepole hadi kwenye maumivu. Ukimrukia na swali la mwisho, atakuambia aliteleza bafuni.

Atakuomba usimwambie mtu. Hapo wauguzi wema hukosea, kwa sababu wanataka kumtuliza. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Sema: "Sitamwambia mwanao. Lakini nitamwambia daktari, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutusaidia, ili tupange pamoja." Sheria za kutoa taarifa zinatofautiana kutoka nchi hadi nchi. Kwingine muuguzi anawajibika kisheria kuripoti hata kwa kushuku, kwingine ridhaa ya mgonjwa mwenye akili timamu ndiyo inayotangulia. Muulize msimamizi wako na afisa ustawi wa hospitali leo sheria ya kwenu inasemaje, na andika jina la uliyemuuliza. Usibebe peke yako.

Sasa tufike kwenye maneno yake, maana hapo ndipo mpango mzima ulipo: "nitarudi naye hukohuko". Wengi huyasikia kama kukata tamaa. Mimi huyasikia kama taarifa. Bibi ameshapima njia zote anazozijua na hajaona nyingine. Kazi yako ni kujua amezipima kwa mizani gani. Nyumba ni ya nani? Fedha za matumizi ni za nani? Kadi ya benki iko mfukoni mwa nani? Watu hudhani mzee huteswa kwa sababu ni mzigo kwa mwanawe. Tafiti tangu miaka ya 1980 zimeonyesha kwamba mara nyingi ni kinyume: anayetesa ndiye anayemtegemea mzee kwa nyumba na fedha, na mara nyingi ana ulevi au ugonjwa wa akili usiotibiwa. Kama ndivyo ilivyo, bibi huenda harudi kwa sababu anamhitaji mwanawe. Anarudi kwa sababu anamhurumia, anaogopa akiondoka kijana atalala wapi. Mama huyo hutampata kwa kumwambia mwanawe ni mtu mbaya. Utampata ukimwambia kwamba ukimlinda yeye, kijana naye anaweza kupelekwa kwenye matibabu kabla hajafanya kosa lisilorudi nyuma.

Lazima pia ijulikane kama anaweza kuamua. Mambo ya kuangalia ni manne: anaelewa aliyoelezwa, anaona kwamba yanamhusu yeye, anaweza kupima faida na hasara, na anaweza kusema chaguo lake na kulishikilia. Uwezo huo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja. Mtu anaweza kushindwa kusimamia hesabu za benki, na bado akajua sawasawa hataki kulala chumba kimoja na nani. Kisha jihadharini na kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako madaktari huita deliriamu. Baada ya kuvunjika, dawa kali za maumivu na usiku bila usingizi, mzee anaweza kuwa mwingine kabisa saa 8 usiku na kuwa sawa asubuhi. Mpimeni zaidi ya mara moja. Na kama ana ugonjwa wa kusahau, usiyatupe maneno yake. Anaweza asijue ni siku gani, akamjua aliyempiga.

Akiwa na uwezo wa kuamua na bado akasema anarudi, anarudi. Najua inauma. Lakini tukimfungia kwa nguvu "kwa usalama wake" tunakuwa mtu wa pili anayemwamulia. Tena kitanda cha hospitali si maficho ya bure: katika jaribio moja, wazee wenye afya waliolala kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Kumweka siku 2 au 3 ili mpango ukamilike kunafaa. Kumweka wiki 5 kwa sababu hakuna aliyethubutu kuamua kunamharibu. Akiwa hana uwezo huo, hali ni tofauti: hospitali haiwezi kumkabidhi kwa mtu inayemshuku kuwa ndiye aliyemuumiza, na mamlaka ya ulinzi au mahakama ya mahali penu lazima iingie.

Mpango wenyewe utategemea aina ya madhara, na hapa nataka nikusimulie kosa langu. Tulimpa ruhusa mzee mmoja mwenye nyonga iliyofanyiwa upasuaji. Kila kitu kilikuwa sawa: kifaa cha kutembelea, ratiba ya mazoezi, binti mchangamfu wa kumpokea, dawa za maumivu za wiki 2. Mimi mwenyewe nilimkabidhi binti mfuko wa dawa. Siku ya 9 alirudi akiwa hajasimama tangu atoke kwetu, amepata kidonda cha kulalia mgongoni chini, kikubwa kama kiganja changu. Vidonge vilikuwa vimechukuliwa siku ya kwanza na mjukuu aliyekuwa na uraibu, na binti alikuwa anajua, akaogopa kusema. Bila dawa, mzee hakuweza kuvumilia kuinuka. Hakuna aliyempiga. Nilikuwa nimeuliza kila swali isipokuwa moja: "Nani mwingine anaingia chumbani kwake?" Tangu hapo nauliza, na dawa za aina hiyo naomba zitolewe chache chache, za siku 3 au 4, ili mgonjwa au muuguzi anayetembelea aonekane kila zinapoisha.

Kama madhara yanatokana na uchovu wa mtunzaji, msaada hufanya kazi: mfundisheni kumgeuza mgonjwa, mpatieni mtu wa kupokezana naye, mpunguzieni dawa za kutoa mara 5 kwa siku ziwe mara 2. Mzee aliyekondeshwa kwa njaa usimshibishe ghafla hata kabla hajatoka. Madini ya damu, hasa fosfeti na potasiamu, yanaweza kushuka kiasi cha kusimamisha moyo. Kama ni wizi wa fedha, benki iarifiwe na kadi ibadilishwe kabla hajafika nyumbani, kwa ridhaa yake. Lakini kama ni kipigo, kama ninavyohofia kwa bibi yako, msiitishe kikao cha familia. Watu wanakipenda kikao kwa sababu kinaonekana cha busara. Mbele ya mwanawe bibi atakanusha kila kitu, na kijana atatoka pale akijua nani alisema nini.

Yapo mambo madogo ya siku ya ruhusa ambayo nayapa uzito kuliko fomu zote. Karatasi ya ruhusa itasomwa na mwanawe, hivyo isibebe neno lolote la ukatili. Hayo yaandikwe kwenye barua inayokwenda moja kwa moja kwa daktari wa kliniki na kwa mamlaka husika. Namba ya simu kwenye faili, muulize bibi ni ya nani na nani huipokea. Wengi huniambia ni ya mtoto. Tafuteni nyingine, ya jirani au rafiki anayemwamini. Mpangeni neno la kawaida ambalo akilisema kwenye simu mtajua hayuko salama, kwa mfano akiuliza miwani yake kama mmeiona. Vitambulisho, kadi, orodha ya dawa na miwani viwe pamoja kwenye mfuko mmoja anaoufikia kwa mkono mzima. Asibebe kijitabu chochote kuhusu ukatili. Namba ya msaada iandikeni nyuma ya kadi ya kliniki kama namba ya "mazoezi ya mkono". Na mwombe arudie kwa maneno yake atafanya nini akiogopa usiku. Asipoweza kurudia, hamjamaliza kumweleza.

Kisha tumieni plasta, ile ngumu ya kushika mfupa uliovunjika. Plasta ni kisingizio kizuri ajabu. Mgonjwa aliyefungwa plasta anatakiwa aonwe, na hakuna mtoto atakayeshuku. Mpeni miadi ndani ya siku 7, simu ndani ya saa 48 hadi 72, na kama eneo lenu lina wauguzi wa kutembelea nyumbani, mmoja aende "kuangalia vidole kama havijavimba". Andikeni pia jina la mtu atakayechukua hatua bibi asipotokea, na hatua gani. Miadi isiyo na mtu wa kushtuka ikikosekana haimlindi yeyote.

Akisema hataki kurudi, msikimbilie makao ya wazee kama jibu pekee. Muulizeni kwanza kuna nani: dada yake, rafiki wa zamani, mtoto aliyefukuzwa nyumbani na huyu. Mara nyingi mtesaji amewakata watu hao mmoja mmoja, na wao wanadhani mzee ndiye aliyewakataa. Simu moja inaweza kurudisha ndugu wa miaka. Zipo pia nchi zenye makimbilio ya wazee hasa. New York, kwa mfano, tangu mwaka 2005 nyumba moja ya kulelea wazee, Hebrew Home at Riverdale, hupokea wazee walioteswa kama mahali pa hifadhi, kwa sababu makimbilio ya kawaida hayana vitanda vya kuinuka wala muuguzi wa kugawa dawa. Ukitafuta kimbilio la bibi, uliza hilo kabla ya lolote: atakayemwogesha akiwa na mkono mmoja ni nani?

Kwa hiyo zamu yako ya leo ina kazi 4: daktari aambiwe, faili liandikwe, bibi apatikane peke yake asubuhi akiwa mtulivu, na afisa ustawi aitwe. Kama hauko zamu keshokutwa, mkabidhi muuguzi atakayekuwepo kwa mdomo, si kwa karatasi itakayoachwa mezani mbele ya wageni. Na kabla hujaondoka mwambie bibi jina la atakayekuja badala yako, ili akishikwa na hofu usiku awe na mkono mwingine wa kushika. Ukishajua nyumba ile ni ya nani, niandikie tena, maana hapo mpango unaweza kugeuka kabisa: huenda si bibi anayepaswa kuhama.